Mla-chuma mbele ya askari mwenye deraya mpya: nimwendesheje ili meza nzima icheke?

BintiNgome:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni msimamizi, yaani msimulizi na mwendeshaji wa maadui, wa mchezo wa hadithi na dado uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji wangu ni wanne, tunakutana nyumbani kwangu Mombasa kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri, wahusika wao wamefika ngazi ya 4, na tunafuata kanuni za toleo la 5 kama zilivyotoka mwaka 2014. Kikao kilichopita kilikuwa kizito. Kuhani ambaye rafiki yetu mmoja alimlea tangu ngazi ya 1 alifia mikononi mwa wenzake, na tukaagana mlangoni karibu bila maneno. Jumamosi hii wanashuka katika mahandaki yaliyo chini ya ngome kongwe, nami nataka wakutane huko na adui atakayewachekesha kwa dhati, lakini awe adui kweli na si kikaragosi cha kupita.

Niliwahi kujaribu jambo hili mwaka jana, nikamtunga jambazi mdogo mwenye sauti ya puani na maneno mengi ya mzaha. Walicheka alipofungua kinywa. Mzunguko wa kwanza wa pambano ulipokwisha alikuwa amekwisha kufa, na kicheko kikafa naye, kwa sababu mzaha wote ulikuwa katika sauti yangu na haukuwamo katika lile ambalo wachezaji walitakiwa kulifanya.

Safari hii nimemfikiria mnyama ambaye Waingereza humwita rust monster, na ambaye sisi mezani tumezoea kumwita mla-chuma. Shida yangu ni moja. Kaka anayecheza askari alidunduliza sarafu kwa miezi minne hadi akanunua deraya ya mabamba kwa sarafu 1,500 za dhahabu, na aliinunua vikao viwili tu vilivyopita. Kila anapotueleza mhusika wake siku hizi huanza na deraya hiyo, jinsi inavyong'aa na jinsi inavyolia anapopanda ngazi. Nikimletea mnyama anayegeuza chuma kuwa kutu, hao watatu watacheka sana, lakini yeye je? Naomba mliowahi kumtumia mnieleze: nimwendesheje ili hata anayepoteza acheke?

MzeeWaDado:

Dada BintiNgome, poleni kwa kuhani wenu. Umechagua mnyama mzuri, na umeuliza swali ambalo wasimamizi wengi hulikumbuka baada ya mchezaji kukasirika.

Kwanza tuangalie alikotoka, maana kichekesho chake kimeanzia huko. Gary Gygax, aliyeutunga mchezo huu pamoja na Dave Arneson ukachapishwa mwaka 1974, alinunua paketi ya wanyama wa plastiki wa bei rahisi, wale waliokuwa wakitengenezwa Hong Kong, akawa anawaweka mezani kama madubwana. Walikuwa wanyama wasiofanana na kiumbe chochote cha duniani. Mmoja wao ana miguu minne, mgongo wa magamba kama kakakuona, na mkia wenye kitu kama kafi kwenye ncha. Huyo ndiye aliyegeuzwa kuwa mla-chuma na kuingizwa katika kitabu cha nyongeza cha mwaka 1975. Yule dubu mwenye kichwa cha bundi naye ana asili ya namna hiyohiyo. Mimi naamini kwamba sura yake isiyotisha ndiyo iliyomwokoa. Mnyama asiyeweza kuogopwa kwa meno yake ilibidi aogopwe kwa kitu kingine, na kitu hicho kikawa ni mali ya mchezaji.

Hapo ndipo ninapotaka ukae. Mla-chuma hana haja na damu ya mtu. Kanuni za 2014 zinampa alama 27 za uhai, mwendo wa futi 40 kwa zamu (askari wako ana 30), na pua inayonusa chuma kilicho umbali wa futi 30. Anang'ata, lakini mng'ato wake ni mdogo, dado moja la pande 8 na nyongeza ya 1. Usimfanye ang'ate ila amebanwa kabisa. Mwendeshe kama mbuzi aliyeingia jikoni: anataka kula, anakutazama kwa macho ya upole, anakusogelea kwa sababu umevaa chakula chake. Ukimpa sauti ya mzaha utamharibu. Anapokuwa mnyoofu katika njaa yake ndipo watu watakapocheka, kwa kuwa mbele yao kuna askari wa vita aliyemkabili jitu juzi, na sasa anarudi nyuma kwa kuogopa vipapasio viwili vya mnyama, vile vinavyogeuza chuma kuwa kutu kwa kukigusa.

Jambo la pili ni kwamba mnyama huyu huupindua mpangilio mzima wa kikosi bila wewe kusema neno. Aliyezoea kutangulia anakwenda nyuma. Mchawi mwenye fimbo ya mti, ambaye tangu mwanzo wa mchezo hujificha nyuma ya ngao ya mwenzake, anagundua kwamba leo yeye ndiye jemadari. Katika meza yangu hapa Nairobi askari alipiga kelele kwamba anavua deraya papo hapo. Nikamfungulia kanuni tukasoma pamoja: kuvua deraya nzito huchukua dakika 5, na mzunguko mmoja wa pambano ni sekunde 6, maana yake ni mizunguko 50. Alinyamaza, akahesabu kwa vidole, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba ataanza na kofia. Sikuwa nimetunga chochote. Kanuni ndiyo iliyochekesha, na aliyeileta ni mchezaji mwenyewe.

Nina swali moja. Rafiki yenu aliyefiwa na kuhani anamleta mhusika gani Jumamosi?

NgaoYaMti:

Mimi nitajibu nikiwa upande wa pili wa meza, kwa sababu mhusika wangu ndiye aliyewahi kupoteza. Nilikuwa na ngao na panga mbili. Tuliingia chumbani, msimamizi akasema mnyama amekuja, akarusha dado, ngao imeoza. Sikucheka. Sikukasirishwa na ngao yenyewe; kilichoniuma ni kwamba hapakuwa na hata dakika moja ambayo ningeweza kuamua jambo, na wenzangu walikuwa wanacheka kitu ambacho mimi nilikuwa nimefanyiwa.

Kwa hiyo dada, ombi langu kubwa ni kwamba umtangulize mnyama kwa dalili zake. Waache waone kazi yake kabla ya kumwona mwenyewe: lango lililoanguka kwa sababu bawaba zimekwisha, unga mwekundu sakafuni mahali ambapo palikuwa na minyororo, sanduku ambalo mbao zake zimeachana kwa kukosa misumari. Mchezaji wa deraya atakuwa wa kwanza kuelewa, na akishaelewa ana nafasi ya kuchagua: arudi, avue mapema dakika zake 5 zikiwapo, au aende hivyo hivyo kwa kiburi chake. Akienda kwa hiari, kicheko kitakuwa chake pia.

La pili ni hesabu, maana naona unaogopa kupita kiasi. Zamani mnyama huyu alikuwa balaa: katika kanuni za miaka ya 1970 mguso mmoja ulitosha deraya nzima kuwa kutu, na hata iliyotiwa uchawi ilikuwa na bahati ndogo tu ya kuokoka. Kanuni za 2014 ni nyingine kabisa. Kila mguso hupunguza kiwango cha ulinzi kwa 1, na deraya huharibika kabisa kinapofika 10. Ya mabamba huanzia 18, kwa hiyo inahitaji miguso minane. Mnyama hugusa mara moja kwa zamu, na aliyevaa anarusha dado la pande 20 kukwepa. Akifikia 11 amesalimika, na kwa askari asiye na wepesi wa pekee hiyo ni nusu kwa nusu. Mnyama mwenye alama 27 za uhai hawezi kuishi muda huo mbele ya watu wanne wa ngazi ya 4. Deraya ya kaka itapungua 1 au 2, basi. Ngao ya kawaida ndiyo ya kuhurumiwa, kwa sababu miguso miwili huimaliza, na upanga usio wa uchawi hupunguza madhara yake kwa 1 kila unapompiga mnyama, hadi ukifika pungufu ya 5 unavunjika. Vitu vyenye uchawi havidhuriki hata kidogo.

Hofu ni kubwa kuliko hasara, na ningekushauri usiwaambie hesabu hii kabla ya pambano.

PwaniRPG:

Kwa maoni yangu mngemtumia mchemraba wa rojo, lile dubwana angavu la futi 10 kila upande linalojaza ujia mzima na kufagia kila kitu. Halina akili, haliongei, na ndani yake zinaonekana sarafu na mifupa inaelea. Mchezaji aliye mbele huingia ndani yake bila kujua kwamba lipo. Mimi nimecheka hadi machozi.

MzeeWaDado:

Ndugu PwaniRPG, naupenda mchemraba, na katika kikao kingine ningekuunga mkono. Lakini tazama hali ya meza hii. Aliyemezwa na mchemraba hapumui, na kila zamu ya mchemraba inapofika huunguzwa na asidi ya dado sita za pande 6, wastani wa alama 21. Mchawi wa ngazi ya 4 huenda asiimalize zamu ya pili. Wiki moja baada ya kumzika kuhani, dada hawezi kuwaletea kicheko ambacho dado mbili mbaya zinaweza kukigeuza kuwa msiba mwingine. Halafu mchemraba huenda futi 15 tu kwa zamu. Wakishautambua wanaondoka zao kwa miguu na hadithi imekwisha, ilhali mla-chuma anawakimbilia, na mbio hizo ndizo tamu.

PwaniRPG:

Hilo la msiba sikulifikiria. Nimekubali.

BintiNgome:

Asanteni sana. Mzee wangu, rafiki yetu anamleta mganga wa msituni, yule ambaye Waingereza humwita druid. Amemwandika kwa unyonge, karatasi nzima haina jina la mhusika bado.

MzeeWaDado:

Basi dada, kazi yako imerahisishwa kuliko ulivyojua. Kwa kanuni mnazozifuata, mganga wa msituni havai deraya ya chuma wala habebi ngao ya chuma. Ana rungu la mti na pengine anajua dua ya kulitia nguvu. Katika ngome nzima hakuna mtu ambaye mla-chuma atamwona kuwa si kitu kama yeye. Mpitishe mnyama mbele yake mara mbili tatu bila hata kumgeukia, ukimweleza jinsi vipapasio vilivyomnusa na kumwacha kama mtu anavyoacha sahani tupu. Usimwambie afanye nini. Mwachie nafasi hiyo wazi na usubiri.

Na kuna la zamani ambalo napenda lisisahaulike. Tangu vitabu vya miaka ya 1970 wachezaji wamekuwa wakimchelewesha mnyama huyu kwa kumtupia misumari ya chuma ashughulike nayo. Wasipoligundua wenyewe usiwaambie. Wakiligundua, kubali mara moja, hata kama kanuni za 2014 hazina mstari unaosema hivyo. Mnyama mwenye njaa aliyetupiwa chakula anakula.

NgaoYaMti:

Naongeza neno moja: akishiba, mwache aondoke. Si lazima afe.

BintiNgome:

Ndugu zangu, nimerudi na habari za Jumamosi, na nitazieleza kwa urefu kwa sababu ushauri wenu ulifanya kazi mahali ambapo sikutarajia.

Nilianza na dalili kama dada NgaoYaMti alivyosema. Walikuta lango limelala chini, kisha ghala la zamani ambamo masanduku yote yamebaki mbao tupu zilizoachana, na vumbi jekundu likawapanda hadi vifundoni. Mchezaji mmoja, ambaye ukoo wake ni wa Lamu, akasema kwamba chombo pekee ambacho kingesalimika katika handaki hilo ni mtepe, kwa kuwa ulishonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Wakacheka kidogo. Kisha kimya kikaingia, na nikamwona kaka wa deraya anaitazama karatasi yake, pale alipoandika kwa wino wa buluu mabamba, 18. Akauliza vumbi hilo lina rangi gani hasa. Nikarudia kwamba ni jekundu. Akasema, «Jamani, mimi nitakaa nyuma leo,» na meza ikalipuka, naye akiwa wa kwanza kucheka, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa ameelewa mapema kuliko wote.

Mla-chuma alipotokea sikumpa sauti yoyote. Nilisema tu kwamba vipapasio vimetangulia kwenye kona, vikapapasa hewa, vikasimama, kisha vyote viwili vikamwelekea askari. Alikimbia. Mnyama ana mwendo mkubwa kuliko yeye, kwa hiyo alifikiwa, akarusha dado akapata 6, na deraya ikashuka hadi 17. Alilia kama aliyekatwa mkono, na alipofuta ile 18 kwa kifutio alifuta polepole sana ili wote tuone.

Wa Lamu akakumbuka kwamba ana misumari kumi ya chuma ambayo hajaitumia tangu mwanzo wa safari, ile inayouzwa kumi kwa sarafu moja ya dhahabu. Akaitupa upande wa kushoto. Nikakubali papo hapo. Mnyama akamwacha askari akaenda kula. Mchawi, kwa kuona hivyo, akatoa sufuria ya chuma ya kikosi na kuitupa upande wa kulia, kwa nia ya kumsogeza mbali zaidi. Nilikuwa nimeshika dado mkononi, nikaliweka chini, kwa sababu niliona kabisa yule fisi wa hadithi tulizosimuliwa utotoni, aliyenusa nyama choma kwenye njia mbili akashindwa kuchagua mojawapo. Nikawaambia kwamba mnyama amenyanyua mguu wa kushoto, ameurudisha, amenyanyua wa kulia, ameurudisha, kipapasio kimoja kinaelekea kwenye misumari na cha pili kwenye sufuria, na mkia wenye kafi unapiga sakafu. Sikumaliza. Watatu walisema kwa pamoja, «Njia mbili zilimshinda fisi!» na kaka wa deraya alishuka kitini akakaa sakafuni kwa kucheka.

Wakati huo wote rafiki yetu wa kuhani alikuwa hajasema mengi. Nilikuwa nimempitishia mnyama mara mbili, na mara zote mbili nilimweleza alivyonuswa na kuachwa. Sasa mnyama akiwa amesimama katikati, alisema kwamba mganga wake anaweka rungu chini, anakwenda taratibu, na anamkuna nyuma ya masikio, kama anayo. Nikamwambia arushe dado la pande 20 kwa ujuzi wake wa kuwatuliza wanyama. Ilitoka 19. Mnyama akalala chini, sufuria ikiwa kati ya miguu yake ya mbele, akaanza kuila ukingo polepole huku anakunwa.

Hakuna aliyempiga hata mara moja. Hasara yote ya kikosi ni alama 1 ya deraya, misumari kumi na sufuria moja, na kaka alikataa nilipomwambia kwamba mhunzi wa mjini anaweza kuirudisha deraya kuwa 18. Ameliacha lile doa la kutu begani na ameliandika katika maelezo ya mhusika wake, mstari wa kwanza, kabla ya mng'aro.

Rafiki yetu alibaki nyuma wengine walipokwisha ondoka, akaniomba kalamu, akaandika jina la mganga wake kwenye karatasi. Chini ya jina, katika sehemu ya vifaa, akaandika sufuria mbili.